Kabla Hujaingiza Mayai Kwenye Mashine, Mwangalie Mtetea

Mwaka juzi kicheche aliingia bandani kwangu usiku mara mbili mfululizo, akaua mitetea watatu. Waliobaki nikawabananisha kwenye kibanda kidogo huku fundi akiziba matundu. Walikuwa bado wanataga, mashine ya kutotolesha iko tupu, mteja wa vifaranga anasubiri. Nikakusanya mayai 40 juma lilelile nikayaingiza.

Siku ya 21 yakaanguliwa, lakini vifaranga wale walinitesa. Ukifungua mlango tu, wanakimbilia kona na kulaliana. Ukuaji wao ulikuwa wa kusuasua. Joto, chakula, chanjo ya kideri, vyote vilikuwa vya siku zote. Nikaanza kuwafikiria mama zao.

Ukipasua kuku anayetaga, unakiona kile kishada cha viini: kimoja kikubwa kinakaribia kushuka, kinachofuata kidogo zaidi, hadi vya ukubwa wa punje ya mtama. Hiyo ni foleni ya mayai yajayo. Kiini hunenepa tabaka juu ya tabaka kwa siku saba hadi kumi hivi, na homoni zilizomo mwilini mwa mama siku hizo huingia humo. Kwa hiyo hofu ya usiku mmoja haiishii kwenye yai la kesho. Inaigusa foleni nzima.

Mwaka 2004, watafiti Hayward na Wingfield walipandisha kotikosteroni, homoni ya msongo, kwa kware wa Kijapani. Homoni ikaongezeka kwenye viini, vifaranga wakakua polepole, na walipokomaa miili yao ikawa inashtuka kupita kiasi wakikamatwa. Niliposoma hayo niliwakumbuka wangu palepale.

Si kwamba homoni kwenye kiini ni sumu. Mtafiti Hubert Schwabl alionyesha mwaka 1993 kwamba kanari, ndege mdogo mwimbaji, huongeza testosteroni, homoni ya kiume, kwenye viini kadiri anavyoendelea kutaga; baadaye akaonyesha kwamba vifaranga wa mayai yenye homoni hiyo nyingi huomba chakula kwa nguvu zaidi. Kitindamimba anapewa nguvu ya kugombea tonge na wakubwa zake. Mimi naona huo ni uzazi wa huruma kabisa.

Basi ndugu mfugaji, kuku wakivamiwa, wakihamishwa banda au wakikosa chakula, andika tarehe ukutani. Mayai ya wiki mbili zinazofuata kula au uza. Ya kutotolesha chukua kwa mitetea waliotulia, wenye nafasi na maji, wasiosumbuliwa na majogoo wengi; jogoo mmoja kwa mitetea kumi anatosha.

Yale 40 leo ningeyapeleka dukani, na mteja ningempigia simu anivumilie.