Mjue Tabibu Wako Kabla ya Usiku wa Dharura

Mwaka jana, usiku wa Jumapili, nilimpakia mama yangu kwenye bajaji kutoka Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, tukakimbilia idara ya dharura, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamwanga na presha imepanda. Vidonge vyake vilikuwa vimeisha tangu Alhamisi, na kila mmoja wetu nyumbani alidhani mwenziwe ameshanunua. Tulikaa kwenye benchi hadi karibu na alfajiri, na ilistahili, kwani mbele yetu aliingizwa kijana wa bodaboda ambaye mfupa wa mguu ulikuwa umetokeza nje. Zamu yetu ilipofika, daktari aliuliza mama anatumia dawa gani. Nikajibu, "Vidonge vidogo vyeupe." Akaweka kalamu chini, akanitazama.

Tangu usiku ule nimeamini kwamba msongamano wa idara ya dharura tunauchangia wenyewe kutoka majumbani. Kwetu si desturi kila familia kuwa na daktari wake, lakini zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kushika nafasi hiyo, mradi uende palepale kila mara badala ya kuhamahama. Hapo utapimwa presha au malaria, utafuatiliwa dawa zako, na jambo likiwashinda utaandikiwa barua ya rufaa. Mzoee tabibu mmoja (sisi twamwita "daktari" tu, naye amechoka kutusahihisha), na umpelekee daftari la shule lenye jina la dawa, miligramu, tarehe na vipimo. Daftari la mama lina duara la kikombe cha chai kwenye jalada, na ndani yake tuliiona presha ikishuka kidogo kidogo, kutoka 170 kwa 100 hadi 130 kwa 80. Fuata dawa nyingine zikiwa zimebaki za wiki nzima.

Dharura ya kweli haingoji hayo. Uso ukipinda ghafla, mkono mmoja ukilegea, maneno yakikwama, kifua kikibana, mtoto akipata degedege au mjamzito akitokwa na damu, usihangaike kutafuta rufaa mtaani. Nenda hospitali moja kwa moja, na daftari ulichukue.

Mwezi uliopita tulifika kituoni Jumatano saa nane mchana, tukatoka na dawa kabla alasiri haijaadhiniwa.