Injini ya mashine inachemsha na unatumia mafuta ya alizeti? Usiishie kwenye kurudi dizeli

Huu ni mwaka wa tatu mashine yetu ya kusaga huku Iramba, mkoani Singida, inatembea kwa mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya alizeti. Injini ni ya zamani, aina ya Lister, silinda moja, nguvu farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, na magurudumu yake mawili mazito. Maji ya kuipoza yanakaa kwenye pipa la lita 200 lililosimama pembeni. Haina rejeta, haina feni, haina pampu ya maji.

Ilipoanza kuchemsha, kila mtu aliniambia neno moja: acha mafuta ya kula, weka dizeli. Nikaweka dizeli tupu. Ikaendelea kuchemsha vilevile, dakika kumi na tano tu za kusaga mtama na pipa linatoa mvuke. Nikasema basi, alizeti haina kosa, tatizo ni la maji. Hapo ndipo nilipopotea wiki mbili nzima, na ndiyo sababu naandika, maana najua wenye mashine kama hii ni wengi na watapita njia hiyohiyo.

Kwenye maji sikukosea kabisa. Maji ya injini hizi hayasukumwi na kitu. Yakipata moto ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, yanakuwa mepesi, yanapanda kwa bomba la juu hadi kwenye pipa, na yaliyopoa yanatoka chini ya pipa kurudi kwenye injini. Mzunguko huo unakatika kirahisi sana. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko umekufa, hata kama pipa bado lina lita 150. Letu lilikuwa limepungua vidole viwili tu chini ya mdomo, na ukilitazama kwa mbali ungesema limejaa. Angalia pia bomba la juu lenyewe: liwe linapanda moja kwa moja kuelekea kwenye pipa. Likiwa na nundu katikati, mvuke unajikusanya hapo na kuziba njia.

Kipimo changu ni mkono na kitambaa. Injini ikiwa imefanya kazi nusu saa, gusa bomba la juu, halafu la chini. La juu likiwa la moto na la chini vuguvugu, maji yanatembea. La juu likiwa linaunguza na pipa bado ni la baridi, kuna kitu kimeziba. Kwangu kilikuwa ukoko. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na nilipofungua kiungo cha bomba kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, nilikuta ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Tundu ambalo lilitakiwa kupitisha vidole viwili halikupitisha hata kimoja. Nilijaza siki iliyochanganywa na maji ndani ya bloku, nikaiacha usiku kucha, nikamwaga, nikarudia usiku wa pili, kisha nikasuuza mpaka maji yakatoka safi. Tangu siku hiyo pipa linajazwa maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Na tafadhali, injini ikichemsha usiimwagie maji baridi. Chuma cha moto kikipata maji baridi ghafla kinapasuka, na hedi iliyopasuka ni gharama ya kufunga mashine msimu mzima. Toa mzigo, iache izunguke polepole bila kusaga ipoe yenyewe. Ikiwa maji yamekauka kabisa kwenye pipa, zima na usubiri.

Baada ya kutoa ukoko, injini ilisaga dakika arobaini badala ya kumi na tano. Halafu ikachemsha tena. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao za uwele, wengine wametembea tangu alfajiri, na ilibidi niwaambie warudi kesho. Niliumia sana siku hiyo.

Jioni akaja fundi mmoja mzee. Hakugusa pipa.

"Nozo umeitoa?" akaniuliza.

"Sijaitoa, mzee. Si nimesharudi kwenye dizeli?"

"Dizeli haisafishi alichokiacha mwenzake."

Tukaitoa hiyo nozo, ile ncha inayopuliza mafuta ndani ya silinda. Masizi magumu, meusi na yanayong'aa, yalikuwa yameota kuzunguka matundu kama uyoga. Tuliifunga tena kwenye bomba lake ikiwa nje ya hedi, tukazungusha gurudumu kwa mkono. Nozo nzima inapuliza ukungu laini na kukata mara moja. Hii ilitoa mchirizi kama wa kojo la mbuzi, kisha ikabaki inadondosha. (Ukifanya jaribio hili, usiweke mkono mbele ya nozo hata kidogo. Presha yake inaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali.)

Hapo ndipo nilipoelewa. Mafuta yasipopulizwa kama ukungu yanaungua kwa kuchelewa. Moto unaoendelea wakati pistoni imeshaanza kushuka hausukumi vizuri, unabaki unachoma kuta za silinda na kutoka kwenye ekzosi. Kazi inapungua, joto linaongezeka, na joto lote hilo linaangukia maji ya pipa. Kwa hiyo jaribio la kurudi kwenye dizeli lina maana baada tu ya kusafisha au kubadilisha nozo. Kabla ya hapo litakudanganya kama lilivyonidanganya mimi. Kwangu makosa yalikuwa mawili kwa pamoja, ukoko na nozo, na kila moja lilikuwa linalificha lingine.

Masizi yalitoka wapi? Nilikuwa nachota mafuta ya chini ya pipa la kukamulia, yale mazito ambayo hayauziki. Niliona ni bure. Mafuta mabichi ya alizeti yana utomvu unaotuama chini, na ndio huo unaogeuka masizi. Watu hukumbusha kwamba huko Paris mwaka 1900 injini ya dizeli ilionyeshwa ikitembea kwa mafuta ya karanga, na ni kweli. Lakini pampu na nozo zetu zimetengenezwa kwa dizeli nyepesi, na mafuta ya alizeti yakiwa hayajapashwa moto ni mazito mara kumi ya dizeli.

Sasa nayaacha yatuame wiki tatu, nachota ya juu tu, nayachuja kwa kitambaa kizito, na nachanganya lita moja ya alizeti kwa lita nne za dizeli. Bomba la shaba la mafuta nimelizungusha kwenye bomba la juu la maji ili yafike kwenye pampu yakiwa yamepata moto. Nawasha kwa dizeli tupu, naiacha dakika kumi, ndipo nafungua koki ya mchanganyiko. Kabla ya kuzima narudi kwenye dizeli dakika kumi nyingine, ili mafuta mazito yasilale kwenye nozo usiku. Siiachi izunguke bila mzigo kwa muda mrefu, maana injini isiyopata moto wa kutosha ndiyo inayoota masizi haraka.

Kuna jambo la oili ambalo wengi hawaliangalii. Alizeti inayovuja kupita kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye oili, na mafuta haya hukauka kama rangi ya kupaka. Oili inakuwa nzito kama uji, haifiki inakotakiwa, na injini inapata moto kwa msuguano, mwisho inanoki, yaani inakwama. Chukua tone kwenye vidole, livute. Likinata na kutoa nyuzi, mwaga yote leo. Mimi nabadilisha kila saa 100 za kazi, na saa naziandika kwa chaki ukutani.

Mengine ni ya injini yoyote. Moshi mweusi wakati wa kusaga, punguza mzigo kwanza. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye pipa huku injini inavuta, hiyo ni gasketi ya hedi imeharibika, ita fundi.

Nozo ya akiba ninayo, imelala ndani ya kopo la dizeli juu ya rafu, imefunikwa vumbi lisiingie. Ya kwenye injini naitoa kila mwezi, naitazama kwenye mwanga wa mlango, na ikiwa imeanza kuota hata punje moja, nazibadilisha palepale kabla foleni ya asubuhi haijafika.