Paka Anaponyunyizia Mkojo Ukutani

Kwa miezi kadhaa nilimgombeza paka wangu dume kwa jambo ambalo yeye hakulijua kuwa kosa. Kila asubuhi nilikuta michirizi ya mkojo chini ya dirisha lile lile, nikaisugua kwa dawa yenye amonia, na kesho yake nikakuta mingine. Mkojo unapochacha hutoa amonia, kwa hiyo dawa ile ilikuwa ikimchokoza aweke alama upya.

Kwanza, tofautisha haja na alama. Paka mwenye haja huchuchumaa na kuacha kidimbwi sakafuni, ilhali anayeweka alama husimama, akakipa mgongo kitu kilicho wima, mkia juu ukitetemeka, kisha akarusha mkojo kidogo usawa wa pua ya paka mwenzake. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu huenda njia yake ya mkojo imeziba. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Alama ni ujumbe: hueleza ni nani aliyepita, ni wa jinsia gani, na kwa kadiri harufu inavyofifia, amepita zamani kiasi gani. Ndiyo maana paka wawili huweza kutumia njia moja kwa zamu bila kupigana. Lakini harufu hufifia, na mwenye eneo hulazimika kurudi kuihuisha, kama digidigi anayerudia vijiti vile vile kuvipaka utomvu wa tezi iliyo karibu na jicho. Mpaka wa mnyama ni kazi isiyokwisha.

Nilipochungulia dirishani usiku, nilimwona paka wa nje ameketi upande wa pili wa kioo. Niliziba sehemu ya chini ya kioo, nikasafisha ukuta kwa dawa yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, kisha nikamhasi dume wangu, jambo ambalo ningelitanguliza, kwani madume wengi sana huacha au hupunguza tabia hiyo baada ya kuhasiwa. Wenye paka kadhaa waongeze pia masanduku ya mchanga ya paka kujisaidia, yazidi idadi ya paka kwa moja.

Usifute kila kitu, hata hivyo. Doa la hudhurungi kwenye kona ya mlango, pale anaposugua shavu, nalo ni alama, ila ni ya utulivu, na mahali alipoliacha ni nadra kunyunyizia mkojo. La kwangu nimeliacha hapo hapo, ingawa wageni huliulizia.