Namba Yako ya Ruzuku Usiiache Dukani

Kijana mmoja wa Kabuku ameniandikia: "Mama, nimefika kwa wakala wa mbolea ya ruzuku naambiwa kwenye mfumo sina mbolea. Nifanyeje?" Nikacheka, halafu hasira zangu za zamani zikaamka. Maana msimu huu nimetoka dukani na mifuko yangu yote, nikaipakia kwenye guta mchana kweupe, na dereva nikamwambia apite mbele ya duka la yule bwana. Makusudi kabisa.

Yule bwana alikuwa wakala wetu, jina namhifadhia. Msimu mmoja wa nyuma, kabla ya masika, alituwekea daftari dukani, kila mkulima aandike namba yake ya usajili wa ruzuku, eti tusije kusukumana kwenye foleni. Siku ya kuchukua mbolea akabofya simu, akaniangalia, akasema: "Bibi, mbona umeshachukua? Labda umesahau." Bibi! Hamsini sijafika. Na walionifuata kwenye foleni wakacheka.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda wilayani kwa watu wa kilimo. Huko nikaonyeshwa: mifuko imetoka kwa jina langu, na mimi hata punje sijaiona. Mahindi hayangoji kesi. Yalikuwa yamefika magotini na yameanza manjano, nikauza mbuzi, nikanunua Urea, mbolea ya kukuzia, kwa bei isiyo na ruzuku. Mbuzi wale nawakumbuka mpaka leo.

Sasa elewa kwa nini namba yako inawindwa. Ruzuku hii iliyoanza msimu wa 2022/23 haimpi mkulima pesa mkononi. Msimu huo mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 130,000 ulishushwa hadi 70,000. Wewe unalipa bei iliyoshushwa, na serikali inamfidia msambazaji kilichobaki. Kwa hiyo kila namba inayoingizwa kwenye mfumo ni pesa ya mtu. Namba isiyo na mwenyewe pale kaunta ni pesa ya mjanja.

Ndiyo maana nasema shika namba yako. Isome mwenyewe, mbele ya wakala, siku unayobeba mfuko, na risiti uondoke nayo. Meseji uliyotumiwa yenye namba hiyo usiifute. Na ukisikia mtendaji anahuisha taarifa za wakulima, wahi, usingoje mawingu ya Machi. Ekari nazo taja za kweli! Kuna wenzetu wanaogopa kodi, mtu analima ekari nne anaandika moja, halafu akipewa mbolea ya ekari moja analaumu serikali. Mifuko inahesabiwa kwa ekari ulizotaja, ulitegemea nini? Wanawake wenzangu, kama shamba unalilima wewe, liandikwe kwa jina lako na simu yako, si ya shemeji aliyeko Dar. Narudia: namba yako, mkononi mwako.

Wewe wa Kabuku, nenda kwa mtendaji na kitambulisho chako, aangalie kama taarifa zako zimehuishwa au kama kuna mtu amekutangulia. Akikwambia mtandao uko chini, muulize unarudi lini, na siku hiyo uwe wa kwanza mlangoni. Na lile swali lako la pili, kuhusu aliyekupigia akasema ruzuku yako itaingia kwenye simu ukishamtumia ada ya usajili: huyo ni tapeli, mwanangu, usimtumie hata mia.