Kotegaeshi yangu haishiki kwenye judo. Niache aikido?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Nilijifunza aikido miaka minne nilipokuwa Dar es Salaam. Sasa nimerudi nyumbani Wete, nafanya mazoezi ya judo na vijana wenzangu. Mwakani nataka kuingia mashindano, na baadaye, inshallah, nijaribu MMA (mapigano ya mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka). Tatizo ni kwamba kotegaeshi na shihonage, zile mbinu za kumpinda mtu kifundo cha mkono mpaka aanguke, nilizokuwa nikizipiga vizuri kule, huku hazishiki kabisa. Nikikamata mkono unachomoka, na kabla sijageuka nishapigwa ngwara. Wenzangu wananicheka, wanasema aikido ni ngoma tu. Kuna cha kuchukua humo au nisahau yote?

JIBU: Waaleikum salaam, kijana wangu. Usisahau yote. Ila acha kuanzia kwenye kifundo cha mkono.

Wewe ni mtu wa Pemba, mchezo wa ng'ombe unaujua. Ng'ombe akishainamisha kichwa na kutimka, mwili wake wote uko nyuma ya zile pembe, hana tena nafasi ya kubadili nia. Mchezaji anapiga hatua moja pembeni, anageuka, ng'ombe anapita. Hiyo ndiyo tenkan, tena safi kuliko nyingi nilizoziona kwenye mkeka. Aikido uliyosomeshwa imejengwa juu ya shambulio la namna hiyo: mwenzio anakuja mzima mzima, na akishakushika haachii. Sasa mtazame bondia. Mkono wa mbele anautoa kukuchokoza tu, na umesharudi kidevuni kabla vidole vyako havijafumba. Mcheza judo naye akihisi unamgeuza kifundo anaachia, kwani nani kamlazimisha aendelee kukushika?

Basi swali la kujiuliza ulingoni ni hili: ni wakati gani mtu huyu hawezi kuniachia bila kupata hasara? Mbinu za kubana viungo vya mwili zinaishi hapo.

Hili si wazo langu. Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, hakutaka mashindano. Lakini mwanafunzi wake Kenji Tomiki, ambaye alishakuwa mtu wa judo chini ya Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliona bila mpinzani anayekataa huwezi kujua kipi kinafanya kazi. Akiwa Chuo Kikuu cha Waseda akatengeneza aikido ya kushindana, mmoja akiwa na kisu bandia. Mbinu zake za msingi alizichuja zikabaki 17. Zihesabu: 5 za kumsukuma mtu usoni au mwilini, 5 za kiwiko, 4 za kifundo cha mkono, 3 za kumtoa kwenye mizani. Kifundo, ambacho wewe umekifanya mlango wa nyumba, yeye alikipa 4 tu.

Halafu kuna sheria. Katika judo kiungo kinachoruhusiwa kubanwa ni kiwiko peke yake, kwa hiyo hata hiyo kotegaeshi ingeshika, ungepewa kosa. Jujitsu ya Kibrazili haimruhusu mkanda mweupe kukunja kifundo. MMA inakataza kukunja vidole, kifundo ruksa, lakini hapo kuna glavu, bandeji na jasho. Mkono wenye jasho ni kama pweza.

Sasa tuje kwenye unachoweza kukitumia, na nitakaa kwenye kimoja kwa sababu ndicho chenye faida kubwa.

Mpinzani ananyoosha mkono wa kulia kutafuta ukosi wako. Mkono wako wa kushoto unaupokea kifundoni, usibane sana, uwe kama umeweka kiganja juu ya meza. Mkono wako wa kulia unapita kwa ndani na kunasa nyama ya nyuma ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko. Vuta kiwiko, si kifundo, kivuke mbele ya kifua chako kwenda kulia kwako. Wakati huo huo mguu wako wa kushoto unaingia nje ya mguu wake wa kulia, karibu mpaka nyonga zigusane. Umeshafika ubavuni kwake na yeye bado anatazama pale ulipokuwa. Hiyo ni irimi. Watu wa mieleka wanaifanya kila siku bila kuijua kwa jina hilo. Ukiwa hapo, kwenye judo mwangushe kwa nyuma. Kwenye MMA mkumbatie kiuno.

Akiukaza mkono ili asivutwe, hiyo ndiyo zawadi. Mkono umenyooka, kiwiko kimetazama juu, kwapa lako linashuka juu yake. Wewe unaijua kama mbinu ya kiwiko, judo wanaiita waki-gatame. Mwaka 2005, kwenye pambano la MMA, Shinya Aoki alimvunja mkono Keith Wisniewski kwa mbinu hii hii, wote wawili wakiwa wamesimama. Angalizo: kwenye judo usijitupe chini na uzito wako ukiwa umeshika waki-gatame. Utatolewa mchezoni papo hapo, na ni haki, maana kiwiko hakipati muda wa kuomba radhi.

Mfano mwingine wa mtu asiyeweza kuachia ni yule aliyekukumbatia kiuno kwa nyuma. Akiachia unageuka, asipoachia kifundo chake kiko mbele ya tumbo lako. Kwenye MMA vilevile, Kazushi Sakuraba alimvunja Renzo Gracie mkono mwaka 2000 kutoka hapo hapo. Mbinu ile ni ude-garami, yaani kuupinda mkono ukiwa umekunjika kiwikoni, lakini ukitazama ule mshiko na jinsi mwili mzima unavyogeuka, utaona unaufahamu.

Chini ni rahisi zaidi. Mkono uliolaliwa na kiwiko kimezuiwa na kifua chako hauna pa kurudi. Hapo, kama sheria inaruhusu, kifundo kinakunjika kama ulivyofundishwa.

Ukemi yako, yaani ufundi wa kuanguka, itakulinda shingo na mabega, hilo nakupa. Lakini chunga: kwenye aikido umezoea kuruka na mbinu ili uanguke vizuri. Kuanguka chali vizuri mbele ya refa wa judo ni ippon ya mwenzio, yaani ushindi kamili. Mazoea hayo yang'oe mapema.

Kuhusu MMA, kwetu Zanzibar ngumi zimeruhusiwa tena mwaka 2022 baada ya marufuku ya tangu miaka ya 1960, kwa hiyo mabondia wa kufanya nao mazoezi bado si wengi. Ukimpata mmoja, mng'ang'anie. Mwambie akuchokoze kwa mkono wa mbele tu, dakika tatu, nawe usijaribu kukamata chochote. Ingia tu.

Kwa judo, mimi nilikuwa na tatizo lako hili hili, na aliyeniponya ni kijana mmoja mvuvi wa hapa Unguja. Vidole vyake vimekomazwa na kamba za nyavu, na hakuwa na adabu ya dojo. Kila nikimshika alifanya kazi moja tu, kuchomoa mkono. Wiki mbili za mwanzo sikupata kitu. Wiki ya tatu nikaacha kukaza kifundo, nikawa nasubiri ule mchomo wenyewe: anapovuta mkono kwenda kwake, naingia pamoja nao, nafika ubavuni bila kutumia nguvu. Wavuvi Wete hawakosekani. Mtafute mmoja, mvalishe gi (vazi la judo), na mwambie asikuonee huruma.