Jibu: Volti 0.7 za DC kwenye spika, ampu ya TDA2030

Mkuu, umesema ampu (amplifaya) yako ya chipu TDA2030 inatoa volti 0.7 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, kwenye spika bila muziki. Hizo ni nyingi mno. Chomoa spika kwanza, koili isichemke bure.

Kama pawa yako ni ya pande mbili, chanya na hasi, mimi ningeanza na kapasita ya 22µF iliyo kati ya rezista ya ohm 680 na grandi. Ikivuja, yaani ikipitisha DC, IC (hiyo chipu ya TDA2030) inakuza DC mara 33 kama inavyokuza muziki: milivolti 20 za mlangoni zinatoka 660, karibu volti 0.7 zako. Washa, pima DC kati ya ncha mbili za hiyo rezista ya 680. Ukikuta sufuri, kapasita ni nzima. Ukikuta milivolti 20 hivi, ibadilishe. IC usiing'oe bado.

Baada ya hapo pima tena DC kwenye waya za spika. Chini ya milivolti 50, rudisha spika.