Maswali na majibu: viazi, mikopo na shamba la baba

Barua za safari hii zimetoka Umalila, Mbalizi, Rungwe, Mafinga, Kilolo na Iringa mjini. Karibu zote zinauliza mtaji utapatikana wapi. Habari ya mtaji nitaijibu, ila naanza na viazi, kwa sababu naona hapo ndipo akina mama wetu wanapopoteza fedha nyingi kuliko mkopo wowote watakaopewa.

Shikamoo mama. Tuko wanawake saba, kila mmoja ana ekari moja ya viazi. Tunauza shambani kwa gunia, dalali ndiye anayekuja na magunia yake. Kila msimu tunauza, lakini hela hatuioni. Tunataka mkopo tuongeze mashamba. Tuanzie wapi? (Umalila)

Marahaba, mdogo wangu. Msiongeze shamba kwanza. Angalieni hilo gunia.

Wote tunajua linavyofungwa. Linajazwa hadi mdomoni, kisha vijana wa dalali wanaanza kupanga viazi kimoja kimoja kuzunguka mdomo, wanaongeza juu, wanazungushia kamba na kushona kilemba mpaka gunia linamzidi mtoto kimo. Hiyo ndiyo lumbesa. Tuseme bei mliyokubaliana ni shilingi 60,000 kwa gunia, na wewe kichwani unahesabu kilo 100, yaani shilingi 600 kwa kilo. Gunia hilo likipimwa likakutwa na kilo 130, umegawa kilo 30 bure, shilingi 18,000. Ukiuza magunia 40 ya namna hiyo, umeacha shilingi 720,000 kwenye lori la mtu. Hiyo ndiyo hela msiyoiona, na mkiongeza ekari ya pili mtazidisha tu hasara.

Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana ofisi kila mkoa, Mbeya ikiwamo. Lakini najua mtaniambia: nikikataa peke yangu, dalali anahamia kwa jirani. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana saba ni wengi. Panganeni mvune kwa pamoja, mkusanye viazi sehemu moja, mchange mnunue mizani moja ya kuning'iniza, mkaihakikishe kwa hao wa vipimo iwekwe alama yao. Bei mtaje kwa kilo, na magunia yawe yenu. Dalali anayetaka kujaza lori hapendi kuzunguka mashamba saba kwenye tope la Umalila, kwa hiyo mzigo uliokusanywa tayari mahali pamoja nao una bei yake. Mwambieni hivyo bila kuogopa.

Jambo la pili ni mbegu. Wengi wetu tunauza viazi vizuri, tunabakiza vidogo kuwa mbegu, na viazi vidogo mara nyingi vimetoka kwenye mashina yaliyougua. Mwaka baada ya mwaka mavuno yanapungua na tunalaumu udongo. Wakati viazi vinachanua, pita shambani ukachomeke kijiti kwenye kila shina lenye afya. Siku ya kuvuna, chimba hayo kwanza, uyaweke kando, hiyo ndiyo mbegu yako. Shina lililonyauka wakati udongo una maji, ling'oe pamoja na viazi vyake, uvipeleke mbali na shamba, na mahali hapo usirudishe viazi kwa misimu kadhaa, panda mahindi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole ni jirani zenu, na viazi ni kazi yao. Nendeni wote saba siku moja mkaulize mbegu safi.

Sisi ni vijana watano tunafyatua matofali. Tumesikia kuna mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Je, tukiupata tunaruhusiwa kugawana kila mtu afanye lake? (Mbalizi)

Mkopo upo na hauna riba. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yanaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu fedha nyingi hazikuwa zinarudi, ukaanza tena 2024 kwa masharti makali zaidi. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Atataka kuona katiba ya kikundi, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, namba zenu za NIDA na andiko la mradi.

Kugawana, hapana. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona vikundi vizuri vikifa kwa jambo hilo hilo: mmoja ananunua simu, wa pili analipa mahari, wa tatu anafanya kazi kweli, na siku ya marejesho huyo wa tatu ndiye anayebebeshwa deni la wote. Ninyi tayari mna kazi moja ya pamoja, na hiyo ni nafasi wengi hawana. Kabla ya kuomba, andikeni kwa miezi mitatu kila tofali lililofyatuliwa, kila mzigo wa kuni ulionunuliwa, kila tofali lililopasuka. Hilo daftari litawaambia mnahitaji kiasi gani, na ofisini litawatetea kuliko andiko la kununua lililoandikwa na mtu asiyejua tofali.

Mama, nauza chakula stendi. Nimekopa 200,000, narudisha 10,000 kila siku kwa siku 26. Sasa nataka kukopa kwingine nimalizie. (Mafinga)

Usikope kwingine, tafadhali. Umechukua 200,000 unarudisha 260,000 ndani ya mwezi, ambayo ni riba ya asilimia 30. Kanuni za Benki Kuu zinawawekea wakopeshaji wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo wako ni shilingi 7,000. Mwombe huyo aliyekukopesha akuonyeshe leseni yake. Asipokuwa nayo, au akichukua kadi yako ya benki au kitambulisho kama dhamana, nenda ofisi ya kata ukiwa na mtu wa kukusindikiza, uonyeshe karatasi mlizoandikiana. Deni ulilobakiza omba kulilipa kwa vipande vidogo kwa maandishi. Ukishatoka, ingia kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha watu unaowafahamu, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na kilichosajiliwa halmashauri. Huko riba unayolipa inakurudia mwisho wa mzunguko.

Ndaga fijo (asante sana) kwa majibu yako. Baba amenipa robo tatu ya ekari nipande parachichi. Kaka zangu wanasema nitaolewa, shamba litarudi kwao. Je, nipande tu au niachane nalo? (Rungwe)

Panda, ila karatasi itangulie mche. Parachichi ya aina ya Hass iliyounganishwa inaanza kukupa matunda ya maana kuanzia mwaka wa tatu hivi, kisha inaendelea kwa miaka mingi. Ugomvi hautakuja sasa wakati kuna majani tu. Utakuja siku gari la wanunuzi litakaposimama.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Lakini sheria haiji shambani yenyewe. Mwombe baba, angali na nguvu zake, aende nawe ofisi ya kijiji, aseme mbele ya viongozi kwamba amekupa, mipaka itajwe, iandikwe na kusainiwa. Waite kaka zako wawe mashahidi. Najua ni vigumu, ila jina lao kwenye karatasi ni ulinzi wako kuliko kuwakwepa. Baada ya hapo omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Jina lako, binti yangu, hata ukiolewa kesho.

Sasa shamba lenyewe. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 utaingiza miche kama 60. Nunua kwenye kitalu kinachofahamika, uone kwa macho pale mche ulipounganishwa, na wakati wa kupanda usipafukie udongo. Maji yakituama mizizi inaoza, basi chagua sehemu ya mteremko. Miaka ya mwanzo panda maharage katikati, yatakupa mboga na hela ya mbolea. Nyanya na viazi usiweke humo, kuna ugonjwa wa mnyauko unaokaa kwenye udongo na unashambulia vyote pamoja na parachichi.

Na dalali atakuja mapema kukushawishi uchume kabla ya wakati, kwa kuwa bei ya mwanzo wa msimu inavutia. Chuma tunda moja na kikonyo chake, liweke ndani. Likilainika vizuri ndani ya siku kadhaa, limekomaa. Likisinyaa na kuwa kama mpira, mwambie arudi baadaye.

Kamwene. Natengeneza pikipiki miaka sita, nimejifunzia gereji. Kila nikiomba kazi kwenye kampuni naulizwa cheti. Nianze chuo upya? (Iringa mjini)

Kamwene, kijana. Huna haja ya kuanza upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: wanakupima kwa vitendo, wanakuonyesha mapungufu, unafundishwa yale tu unayokosa, kisha unapata cheti. Nenda chuo chao hapo Iringa ukaulize lini wanapokea mafundi wa pikipiki.

Nina miaka 19. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Mama anataka niende Dar kufanya kazi za ndani, mtoto abaki kwake. Mimi nataka kujifunza kushona. (Kilolo)

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nyingi. Mama yako hakuchukii. Anaona njia ambayo wasichana wengi wa Iringa wameipita kabla yako, na anaona mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Lakini kwa umri wako na mtoto mdogo, kuna njia nyingine karibu na nyumbani.

Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Na kama unataka ufundi, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na kimoja kiko wilayani kwenu, Ilula. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimekuwa vikipokea wasichana waliokatishwa masomo, wanasoma sekondari na ufundi pamoja, na kina mama wadogo wanaweza kwenda na watoto wao. Nenda na mama yako, asikie mwenyewe. Uliza mambo manne: usajili unafungwa lini, gharama ni kiasi gani na unaweza kulipa kwa awamu, mtoto atalala wapi, na kama cherehani ya kujifunzia ipo au unatakiwa kuja na yako. Wakikuambia hakuna nafasi mwaka huu, niandikie tena kabla hujapanda basi la Dar.